Maikrofoni Ilikaa Wapi

Ukitazama filamu za zamani zilizopigwa Afrika Mashariki, angalia midomo. Mkulima anafungua mdomo, anamwambia mkewe kitu, mkewe anacheka. Tunachosikia sisi ni sauti ya mtu wa tatu, ambaye hata hayuko pale shambani, akitueleza kwamba mkulima huyu sasa ameelewa faida ya mbolea. Alichomwambia mkewe hatutakijua, maana hakikunaswa. Kazi yangu ni kunasa sauti, hasa za filamu ndogo ndogo na tamthilia zinazopigwa Meru, Embu na Tharaka, na kazi hiyo imeniharibia starehe. Siwezi tena kutazama picha hizo kama watu wengine. Kila mdomo ukifunguka najiuliza: maikrofoni ilikuwa wapi?

Kwa mradi mkubwa wa kwanza wa filamu katika eneo letu, jibu ni kwamba ilikuwa mbali na shamba. Mradi wenyewe uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulikaa Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937. Fedha zilitoka shirika la Carnegie la Marekani, wazo likasukumwa na baraza la kimataifa la wamisionari, na waliouendesha ni Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu zipatazo 35: za safura, za kodi, za kahawa, za benki ya akiba ya posta. Waigizaji walikuwa Waafrika wa kawaida. Kisha lori likazunguka na filamu hizo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likizionyesha viwanjani usiku.

Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Sauti ilikaa kwenye santuri, ikapigwa kwa gramafoni na kipaza sauti wakati picha inapita kwenye kitambaa. Wakati huo Hollywood ilikwisha kuacha santuri; sauti ilikuwa ikichapwa pembeni mwa filamu yenyewe. Basi mtu anaweza kucheka kwamba walituletea teknolojia iliyopitwa na wakati. Mimi sicheki. Walikuwa na sababu, tena sababu nzuri: picha moja iliweza kusemeshwa lugha nyingi. Unabadilisha santuri, na mkulima yule yule wa Usambara anakuwa Mganda. Kwa watu waliotaka kufikia makabila mengi kwa pesa kidogo, hiyo ilikuwa akili.

Lakini hebu fikiria santuri inavyofanya kazi. Filamu ikikatika, mwendeshaji anaiunga kwa gundi na fremu kadhaa zinapotea. Santuri haina habari. Inaendelea kwa urefu wake ule ule, na kuanzia hapo sauti inabaki nyuma ya picha. Kwa msimulizi hilo si neno. Akisema "sasa wanachuma kahawa" nusu sekunde baada ya mkono kugusa kahawa, nani atalalamika? Kwa mazungumzo ni balaa. Mdomo unafunga na maneno yanaendelea kutoka. Chombo chenyewe, basi, kilipendelea msimulizi. Kilimtaka mtu mmoja anayeeleza, na wengine wote wawe mikono na meno. Sidhani Notcutt na Latham walikaa mezani wakaamua kuwanyima watu sauti. Hawakuhitaji kuamua, gramafoni iliwaamulia.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha Colonial Film Unit chini ya William Sellers, mtu aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nigeria na aliyeamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha ikienda haraka. Wao hata santuri waliiweka kando. Gari la sinema lilibeba projekta, jenereta, kitambaa, kipaza sauti na maikrofoni moja, na maikrofoni hiyo alishika mkalimani. Alisimama kando ya gari akaisemea filamu kwa lugha ya mahali hapo, moja kwa moja, usiku kwa usiku.

Huyu mkalimani ananivutia kuliko Sellers. Fikiria gari liko Chuka. Bwana wa Habari ameketi nyuma na karatasi ya Kiingereza yenye maneno yanayopaswa kusemwa. Mbele ya umati kuna kijana mmoja na maikrofoni, naye anasema anachosema. Aliongeza chumvi? Alimtania chifu? Afisa ambaye hakujua lugha angewezaje kujua? Kwa mara ya kwanza maikrofoni ilikuwa mkononi mwa mtu wa nyumbani, ikisema lugha ya nyumbani, na hakuna aliyekuwa akiirekodi. Maikrofoni ya gari lile ilikuwa ya kupaza tu. Waya wake uliishia kwenye spika.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa, na Wameru na Waembu wakajikuta kwenye fungu moja na Wakikuyu kwa kila amri iliyotolewa. Magari ya sinema yakawa vyombo vya vita ya maneno. Juu yake zikaja ndege: jeshi la anga la Uingereza lilifunga vipaza sauti vikubwa kwenye ndege ndogo, zikapita juu ya misitu ya Mlima Kenya na Aberdare zikiwaita wapiganaji watoke wajisalimishe. Nyanya yangu mzaa mama, wa upande wa Runyenjes, alikuwa msichana wakati huo. Nilipomuuliza juu ya sinema za Emajensi hakukumbuka picha hata moja. Alikumbuka sauti, na katika kumbukumbu yake ile ya gari na ile ya ndege zimechanganyika kabisa, hajui ipi ilisema nini. Vyote viwili, aliniambia, vilikuwa vinaongea tu.

Kuna picha maarufu ya Desemba 1963: Field Marshal Musa Mwariama, Mmeru wa Tigania, ametoka msituni na nywele zake ndefu, yuko pamoja na Jomo Kenyatta. Imechapishwa magazetini na vitabuni mara nyingi mno. Mwariama aliishi hadi 1989. Picha hiyo naijua kama ninavyojua picha za ukoo wetu. Sauti ya mtu huyo sijawahi kuisikia.

Kulikuwa na sababu ya kiufundi, na siyo ya kupuuza. Kunasa sauti ya mtu huku unampiga picha, nje, mbali na studio, kulikuwa kazi ngumu sana hadi miaka ya 1960. Kamera ilipiga kelele kama cherehani, na ile iliyofunikwa isisikike ilikuwa nzito kama gunia la viazi. Kinasa sauti kilihitaji umeme wa gari. Na hata ukivipata vyote viwili, ilibidi viende kwa kasi moja kabisa, la sivyo baada ya dakika chache midomo na maneno vinaachana.

Mfano wa jinsi watu walivyokwepa shida hiyo tunao hapa hapa Meru. Mwaka 1960 David Attenborough wa BBC alikuja kwenye kambi ya Joy Adamson, katika eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Meru, kumpiga picha simba Elsa. Katika safari zake za Zoo Quest za miaka hiyo Attenborough mwenyewe ndiye aliyebeba kinasa sauti, na mwenzake akashika kamera. Mashine hizo mbili hazikuunganishwa. Ulipiga picha ya mnyama asubuhi, ukanasa mlio wake jioni, London ukaviunganisha mezani. Kwa ndege na vyura inafaa. Simba naye hajali kama ngurumo yake ni ya jana. Ila mbinu hiyo ukiitumia kwa binadamu, utamuonyesha akitembea, akicheka, akichota maji, huku ukimwekea ngoma na makofi yaliyonaswa kwingine. Filamu ngapi za "maisha ya Mwafrika" zimetengenezwa namna hiyo?

Elsa alikufa Januari 1961 na kaburi lake liko kando ya mto Ura. Columbia walipotengeneza Born Free, iliyotoka 1966, hawakupiga Meru. Walipiga Naro Moru, upande wa pili wa mlima. Virginia McKenna na Bill Travers waliigiza na simba wa kweli, na kunasa mazungumzo karibu na simba si mchezo: ufito wenye kitu cha ajabu kichwani unaopita juu yake, simba ataufikiria nini? Filamu hiyo ilipata Oscar mbili, zote za muziki wa John Barry. Huo ndio watu wanaukumbuka. Peter Lukoye, Mkenya aliyeigiza kama Nuru, yumo na anaongea, lakini muulize yeyote aliyeiona Born Free akwambie Nuru alisema nini.

Kilichobadilisha mambo kilitoka Uswisi. Stefan Kudelski, mzaliwa wa Warsaw, alitengeneza kinasa sauti cha kwanza cha Nagra mwaka 1951. Jina lenyewe kwa Kipolandi maana yake ni kwamba kitanasa. Nagra III ya mwisho wa miaka hiyo ya 1950 ilitumia transista na betri za tochi, mtu mmoja akaivaa begani, na matoleo yaliyofuata yaliweza kuandika kwenye utepe mapigo ya kuifananisha kasi yake na ya kamera. Kamera nazo zikapungua kelele. Ghafla watu wawili, mmoja na kamera na mwingine na Nagra na maikrofoni ndefu nyembamba inayosikia mbele na kupuuza ubavuni, waliweza kuingia bomani kwa mtu na kutoka na mazungumzo.

Waliolifanya hilo vizuri zaidi walipita njia yetu. Barabara ya Meru inateremka Isiolo, na kutoka Isiolo unaelekea Marsabit. Huko kaskazini James Blue na David MacDougall walipiga Kenya Boran, iliyotoka 1974. Karibu wakati huo huo, kati ya 1973 na 1974, David MacDougall na mkewe Judith walikaa na Waturkana wakapiga filamu tatu ambazo ya kwanza kupigiwa mfano ni Lorang's Way. Kamera alishika David. Sauti alinasa Judith.

Sijui kama naweza kumweleza mtu asiye wa kazi hii jinsi filamu hizo zilivyo tamu masikioni. Watu wamekaa chini ya mti. Mzazi anajadili kama mtoto aende shule au abaki na mifugo. Mwingine anamkatiza. Kimya. Ng'ombe. Mtu anakohoa, halafu anarudi kwenye hoja aliyoiacha dakika mbili zilizopita. Hakuna msimulizi juu yao; maneno ya Kiingereza yako chini ya picha, yameandikwa. Yaani aliyetengeneza filamu alichukua muda kutafuta mtu wa kutafsiri kila neno, kikohozi kando. Kwa fundi wa sauti huo ni msimamo unaosikika: maikrofoni iko karibu, imekaa chini pamoja na waliokaa chini, na haina haraka. Ili uipate sauti ya namna hiyo ilibidi Judith MacDougall awe amekaa pale siku nyingi kiasi kwamba watu wamechoka kumtazama.

Hao ni wageni, ndiyo. Wakati huo Wakenya waliokuwa wakijifunza kazi hii walikuwa zaidi kwenye chuo cha serikali cha mawasiliano, KIMC, Nairobi, na wengi waliishia redioni na kwenye televisheni ya Sauti ya Kenya. Filamu ndefu za kwetu zilichelewa: Kolormask ya Sao Gamba ni ya 1986, na Saikati ya Anne Mungai, aliyepita KIMC, ni ya 1992. Katikati hapo ikapita Out of Africa ya 1985, na siwezi kuiruka kwa sababu ni filamu iliyopigwa Kenya na ikapata Oscar ya sauti. Mmoja wa waliopewa ni Peter Handford, aliyenasa sauti papo hapo kwenye seti. Handford alikuwa na ugonjwa wa garimoshi. Kwa miaka mingi alizunguka na vinasa sauti kando ya reli akizirekodi injini za mvuke kabla hazijazimwa, akatoa santuri nzima nzima za garimoshi. Iangalie filamu hiyo tena, pale mwanzo garimoshi linapovuka nyika, ukijua kwamba aliyevaa vipokea sauti ni mtu wa aina hiyo. Kisha kuna pale gramafoni inapowapigia nyani Mozart. Miaka hamsini baada ya Vugiri, gramafoni porini imerudi, safari hii kama mapambo.

Sasa tuje kwenye ufito wenyewe, maana historia yote hii kwangu inaishia kwenye urefu wa mkono.

Sauti ikienda mbali inakonda. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inayofika kwenye maikrofoni inabaki robo. Sheria hiyo haina huruma na haina bajeti. Maikrofoni ya bei rahisi iliyo sentimita 50 kutoka mdomoni itaishinda ya bei ghali iliyo mita tatu. Ndiyo maana ya bumu, ule ufito mrefu. Husimuliwa kwamba mwelekezi Dorothy Arzner, akipiga The Wild Party huko Hollywood mwaka 1929, aliamuru maikrofoni ifungwe kwenye ufito wa kuvulia samaki ili mwigizaji Clara Bow aweze kutembea. Mpaka leo ndicho tunachofanya: unainyanyua juu ya kichwa, mbele kidogo, unailenga kifua, na unaishusha mpaka mpigapicha apige kelele kwamba inaonekana. Kisha unapandisha kidole kimoja.

Vitabu vya kazi hii vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na havisemi lolote juu ya jua la Meru. Ikweta inapita kusini tu ya mji. Mwezi wa tatu na wa tisa, saa sita mchana, jua liko utosini kabisa, na kitu chochote unachokiweka juu ya kichwa cha mwigizaji kinamwangushia kivuli usoni. Unaona mstari mweusi unatembea puani mwa shujaa wa filamu. Kwa hiyo hapa kwetu saa hizo bumu inatoka chini, kwenye magoti, ikitazama juu, na hapo inanasa kila ndege na kila pikipiki, kwa sababu nyuma ya kichwa cha mwigizaji hakuna kitu ila anga. Au unasubiri saa nane. Waelekezi hawapendi kusubiri.

Ndani ya nyumba kuna mabati. Mvua ikianza, nenda ukanywe chai. Isipoanza, bado bati linarudisha sauti, na ile maikrofoni ndefu inayosifiwa sana nje inakuwa mbaya chumbani, inachanganyikiwa na mwangwi. Unatundika mablanketi, unamwomba mama mwenye nyumba azime friji, na ufunguo wa gari unauweka ndani ya hiyo friji, ili jioni usiondoke ukaacha nyama ya watu ikioza. Upande wa Nyambene unasikiliza pikapu za miraa. Zinakuja kutoka Maua kama zinafukuzwa, na unazisikia dakika nzima kabla hazijafika. Ukiwa na sikio unajua kama sentensi ya mwigizaji itatosha kabla ya kona.

Na kuna lugha. Kimeru kina irabu saba, na kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana. Mtu wa Imenti, wa Tigania, wa Igembe, wa Mwimbi, wa Tharaka, kila mmoja unamtambua kwa konsonanti zake kabla hajamaliza kusalimia. Konsonanti hizo zinakaa kwenye sauti nyembamba za juu, ambazo ndizo za kwanza kupotea ukisogeza maikrofoni mbali au ukiificha chini ya sweta. Kinachobaki ni mngurumo ambao ungeweza kuwa wa mtu yeyote kutoka kokote. Tangu redio kama Muuga FM zianze kuongea Kimeru kila siku, na sasa kuna televisheni za Kimeru, watazamaji wetu wana masikio makali. Ukiwaletea mzee wa Igembe asiyesikika kama Igembe, watakucheka hadharani.

Mwaka mmoja tulipiga onyesho la baraza la wazee wakiamua kesi ya shamba. Watatu kati ya watano hawakuwa waigizaji. Walikuwa wazee wa kweli wa mahali hapo, na mmoja wao anaijua Njuri Ncheke kwa ndani kuliko anavyokubali kusema. Wakaanza. Wanaongea chini sana, karibu kunong'ona. Mwelekezi, kijana wa mjini, akaomba waongeze sauti. Wakajaribu, na onyesho likafa palepale. Wakawa wanauza viatu sokoni. Yule mzee akanigeukia mimi mwenye vipokea sauti masikioni. "Kijana," akasema, "mzee akipaza sauti mbele ya wenzake, kesi imeshamshinda."

Kilichosogea ni maikrofoni. Bumu moja ikashuka juu yao mpaka mpigapicha akapunguza picha kidogo, jambo ambalo wapigapicha hulifanya kwa uchungu. Maiki za lapeli hatukuziweka kifuani, kwa sababu mablanketi waliyojifunika yangesugua; tulizishona ndani ya ukingo wa kofia, juu ya paji la uso. Kichwa kikigeuka, maiki inageuka nacho, na mdomo hauko mbali. Wakanong'ona kesi nzima. Unasikia mate. Unasikia mzee wa pili akivuta pumzi ya kutaka kusema, kisha akiacha.

Ningependa kusema kwamba siku hizi ni hivyo kila mahali, lakini sivyo. Miaka michache iliyopita nilinasa sauti kwa filamu ya shirika moja, sitalitaja, kuhusu maji huko Tharaka. Tulimpata shosho mmoja aliyepita umri wa miaka themanini, akazungumza Kitharaka juu ya mto ambao alipokuwa msichana ulikuwa haukauki. Alikuwa na namna ya kurudia neno la mwisho la kila sentensi kwa sauti ya chini, kana kwamba analikagua. Maikrofoni ilikuwa sentimita 40 kutoka kwake, upepo umetulia. Filamu ilipotoka anasikika kwa sekunde mbili. Kisha sauti yake inateremka, na juu yake inapanda sauti ya mwanamume wa Nairobi, Kiingereza safi, akitueleza kwamba mabadiliko ya tabianchi yameathiri jamii. Mdomo wa shosho unaendelea kufunguka na kufunga. Nilimuuliza aliyehariri kwa nini wasingeandika tafsiri chini ya picha. Akasema watu hawapendi kusoma. James Blue na MacDougall waliandika chini ya picha mwaka 1974, kwa mashine za wakati ule, kwa gharama za wakati ule. Leo ni kazi ya alasiri moja kwenye kompyuta. Ufundi hauwezi tena kubebeshwa lawama ambazo ilikuwa haki kuibebesha gramafoni ya Vugiri.

Siku hizi kabla sijakubali kazi nauliza swali hilo kwanza: wanaoongea watasikika, au nibebe vyombo vya bure? Nimepoteza kazi mbili kwa ajili hiyo. Na faili zangu sifuti. Mjukuu wa yule shosho alinitafuta, nikamwekea mazungumzo yote kwenye flashi. Yana dakika 14, pamoja na jogoo na mtoto anayeitwa aje kula. Katika dakika ya tisa bibi anaacha habari ya mto, anauliza kama hilo dude la manyoya linakisikia vizuri Kitharaka. Sauti yangu iko mbali, nje ya mhimili wa maikrofoni, karibu haitambuliki, ikimjibu kwamba linakisikia. Anarudi kwenye mto.